Besi yetu ilie kwa mbao yetu



Leo sendika haisemi juu ya bei ya gramu, wala juu ya buti na kofia. Leo tunasema juu ya mbao. Si mbao ya kujenga nyumba, ni mbao ya gita ya besi, ile gita kubwa ya nyuzi nne vijana wetu wanajenga kwa mikono juu ya kwaya na orkestre, toka Kasongo mpaka Kabambare na Salamabila, hata katika kambi za mashimo.

Tunasikia maneno mawili juu ya besi hizo, na yote mawili hatuyakubali. La kwanza ni hili: "Muti wa kwetu hauna sauti. Besi ya kweli inatoka Bulaya." Anayesema hivi anauza mbao nzuri ya muvula kwa bei ya bule, kiisha anatafuta pesa za kununua besi ya zamani, yenye shingo iliyovunjika mara moja na kubandikwa, kutoka Bukavu ao Bujumbura. Neno la pili ni hili: "Mbao ni mbao. Piga misumari, funga nyuzi, italia tu." Huyu anajenga leo kwa mbao iliyokatwa juzi. Mvua mbili zikipita, shingo imepinda sawa upinde wa mshale, kwaya inaimba huku na besi inalia kule.

Sisi tunasema: mbao yetu iko na sauti, lakini inaomba kuchaguliwa, kukaushwa, na kuwekwa pahali pake. Kazi hiyo ikifanywa vizuri inaweza kuingiza pesa nyumbani siku shimo halitoi kitu.

Sendika inatafuta nini katika gita?

Kuna wandugu watatuuliza hivyo, na wako na haki ya kuuliza. Tunajibu kwa mambo mawili.

La kwanza, mnakumbuka mwezi wa 9 mwaka 2010. Amri ilitoka Kinshasa, uchimbaji wa madini ukasimamishwa katika Kivu zote mbili na katika Maniema yetu, mpaka mwezi wa 3 mwaka 2011. Ilikuwa miezi sita. Watoto hawakuacha kula juu ya amri ile, na masomo hayakuacha kuombwa pesa. Katika miezi kama ile, nani anakula? Anakula fundi cherehani, fundi baiskeli, seremala, na mwenye shamba. Yule aliyejua shimo peke yake anakaa kwenye baraza anaangalia njia. Tangu wakati ule tunasema katika kila mukutano: mchimbaji asiwe na mkono mmoja. Gita ni mkono mwingine, sawa vile shamba na cherehani.

La pili, sisi wachimbaji tunajua mbao kuliko tunavyofikiri. Nani anachagua miti ya kushikilia galeri, ile tunayoita buwazaji? Ni sisi. Tunajua mti gani unavumilia na mti gani unavunjika bila kuaga. Mchimbaji mzee anagonga nguzo kwa nyundo na kusikiliza. Nguzo nzima inajibu kwa sauti kavu, iliyooza inajibu kama gunia la unga. Tunajua pia kwamba mti mzuri wa buwazaji unalia kwanza mbele ya kuvunjika, na kilio kile kimeokoa watu. Basi sikio liko. Ni sikio lile lile fundi wa gita analihitaji.

Na wachimbaji na gita si wageni. Mwaka 1952 Hugh Tracey alikuja na mashine yake ya kurekodi mpaka Jadotville, leo Likasi, muji wa madini. Pale alimkuta Mwenda Jean Bosco, na gita ya Mwenda ikasikika mpaka Nairobi na mbele zaidi. Kwa jirani zetu wa Zambia, muziki mzima umechukua jina la besi ya kujengwa kwa mikono: kalindula. Katika Malawi iko ndugu yake, babatoni, besi ya uzi mmoja yenye boksi kubwa. Kinshasa, kijana Roger Landu wa Staff Benda Bilili alipiga mbele ya dunia nzima kamusiki alikobuni mwenyewe: mkebe, kijiti kilichopindwa na uzi mmoja. Tarehe 14 mwezi wa 12 mwaka 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa watu wote. Tunafurahi. Lakini rumba bila besi ni nyumba bila musingi, na besi nyingi za vijiji vyetu zinatoka mikononi mwa watu ambao hakuna anayewaandika.

Besi mbili, mbao mbili

Kosa kubwa ni kusema "mbao ya gita" kama vile iko gita moja. Ziko mbili, na zinaomba mambo tofauti.

Ya kwanza ni besi ya boksi, isiyotumia umeme. Uzi peke yake hausikiki, ni mwembamba, unapita katika hewa sawa kisu. Uzi unatikisa daraja, daraja linatikisa uso wa boksi, na uso ndio unasukuma hewa mpaka kwenye masikio. Basi katika besi hii uso ndio mwenye kusema. Uso mzito hautikisiki, uzi unachoka bure. Uso mwepesi na mkavu unajibu mara moja.

Tena ukubwa. Uzi wa chini kabisa wa besi, ile mi ya chini, unatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Wimbi lake katika hewa linapita metre 8 kwa urefu. Boksi ndogo ya gita ya solo haiwezi kusukuma wimbi la namna hiyo, hata ukiipa mbao ya dhahabu. Ndiyo sababu wazee wa kalindula na babatoni walichukua boksi kubwa ao pipa, hawakuwa wajinga. Kijana anayelalamika kwamba besi yake ya boksi "haina chini", apime boksi kwanza mbele ya kulaumu mti.

Ya pili ni besi ya umeme, yenye mwili wa mbao nzima bila boksi. Hapa mambo yanabadilika kabisa. Mikro ya gita ni sumaku na waya uliozungushwa. Inasikia chuma kinachotikisika juu yake, haisikii mbao. Weka uzi wa nailoni, mikro itanyamaza. Basi, katika besi ya umeme, sehemu kubwa ya sauti inatoka kwa nyuzi, kwa mikro na pahali ilipowekwa, kwa ampli na bafle, na kwa vidole vya mpigaji. Anayekuuzia mwili wa mti fulani kwa bei kali akisema mti ndio unatoa sauti yote, anakuuzia hadithi.

Hiyo haina maana kwamba mbao ya besi ya umeme haifanyi kitu. Inafanya kazi moja kubwa: kukataa kunyang'anya uzi nguvu yake. Mbao legevu inatetemeka pamoja na uzi na kula nguvu ile. Watafiti wa Ujerumani walipima jambo hilo kwa vyombo. Walikuta kwamba katika besi nyingi kuna pahali fulani juu ya shingo sauti inakufa mbio, kwa sababu shingo yenyewe inatetemeka kwa mwendo ule ule wa uzi. Wapigaji wetu wanajua pahali pale, mara nyingi ni juu ya uzi mwembamba, karibu na kituo cha tano mpaka cha saba. Wanasema "nota imelala". Haikulala, shingo imeikula.

Shingo kwanza

Kwa hiyo tunawaambia mafundi: mukiwa na kipande kimoja tu cha mbao nzuri, kiende kwa shingo. Besi ndiyo gita inayovuta kuliko zote. Nyuzi nne za chuma za besi, zikifungwa kwa urefu wa kawaida wa sentimita 86, zinavuta kwa jumla kilo 70 mpaka 80, mchana na usiku, hata wakati hakuna anayepiga. Ni zaidi ya gunia moja la kilo 50 linaloninginia juu ya kijiti kile, miaka yote. Mbao mbichi haiwezi. Mbao yenye fundo katikati haiwezi pia.

Kwetu, kwa shingo tunapendekeza muvula ao libuyu, kavu, yenye mistari iliyonyooka toka mwisho mpaka mwisho. Angalia kichwa cha mbao: mistari ya mti isimame wima kuelekea nyuzi, isilale. Ukipata mbao yenye mistari inayopindana, huku na kule, sawa vile libuyu nyingi zilivyo, usitumie kipande kimoja. Pasua vipande vitatu virefu, geuza cha katikati, bandika kwa gundi nzuri na kubana usiku mzima. Kimoja kikitaka kupinda kushoto, mwenzake anamvuta kuume. Ni sawa katika sendika: peke yako unapindishwa, watatu wakishikamana inakuwa ngumu.

Mikaratusi? Iko mingi, inakua mbio, ni mizuri kwa nguzo na makaa. Lakini inapasuka na kujisokota wakati wa kukauka. Kwa shingo, hapana.

Kwa ubao wa vidole na daraja tafuta mti mgumu, kwa sababu nyuzi za chuma zinakula mbao laini katika miezi michache. Kipande kidogo kinatosha.

Kwa uso wa besi ya boksi, chagua mbao nyepesi iliyopasuliwa vizuri, milimita 3 ao 4, na chini yake bandika vijiti vya kuisaidia, kwa sababu mbao nyepesi bila vijiti inazama chini ya daraja. Parasolier ni mwepesi sana, lakini ni laini, usiupeleke mbele bila vijiti vya nguvu. Triplex haipasuki, na kwa boksi kubwa inaokoa fundi. Lakini triplex nene inameza sauti. Chukua ile nyembamba.

Kwa mbavu na mgongo, tumia kile uko nacho. Hapa tuko na ushahidi wa kupendeza. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walijengesha gita 6 za nyuzi za chuma, zote sawasawa, isipokuwa mbao ya mgongo na mbavu. Kulikuwa na miti ya bei kali sana, na kulikuwa na sapelli, mti wa jamaa moja na libuyu yetu. Wapigaji 52 walizipiga bila kuweza kuona ni gita gani wameshika. Matokeo: waliziona karibu sawa, na mti wa bei kali haukushinda wengine. Zile hazikuwa besi, kweli. Lakini somo linatusaidia: usimalize pesa mgongoni.

Na miembe? Tuko na miembe ya zamani toka Kasongo mpaka Kabambare, mingine ilipandwa kandokando ya njia za misafara ya Waungwana. Miti mingine imezeeka, inaanguka na upepo, na watu wanachoma makaa. Kule Hawaii, mafundi wanajenga ukulele, gita ndogo ya kwao, kwa mbao ya mwembe, na wanaiuza bei nzuri. Mwembe una ubaya wake: ukiulaza chini unashikwa na madoa na wadudu mbio, na unapenda kupinda. Upasue mapema, uuanike juu ya vijiti mahali pa kivuli. Kwa mwili wa besi ya umeme unafaa.

Bulaya nao walichukua mti wa kwao

Tunarudi kwa yule anayesema sauti iko katika mti wa Bulaya. Leo Fender alipotoa besi yake ya umeme katika California mwaka 1951, ile iliyobadilisha muziki wa dunia, hakutafuta mti wa siri. Alichukua miti ya kawaida ya Marekani, iliyopatikana kwa wingi na kufanyika vizuri katika mashine. Watu walizoea sauti ile, kiisha wakaanza kusema ni mti mtakatifu. Mazoea ndiyo yalifanya mti ule kuwa mkubwa.

Tena sikilizeni hii. Warwick, kiwanda cha Wajerumani kilichofunguliwa mwaka 1982, kinajulikana dunia nzima kwa besi zenye shingo za wenge. Wenge unatoka wapi? Unatoka katika misitu ya Afrika ya kati, na Kongo yetu ndani. Mti unatoka kwetu kama gogo, unarudi kama besi ya bei ambayo mchimbaji hawezi kulipa hata akiuza baiskeli na bati za nyumba. Hadithi hiyo tunaijua. Ni hadithi ya kasiterite na ya dhahabu. Mali inatoka mbichi, akili na faida vinabaki kwingine. Hatusemi Wajerumani wameiba. Tunasema kama mbao ya Kongo inafaa shingo ya besi kule, itashindwaje kufaa huku?

Adui ni maji

Tukiulizwa kitu gani kinaua besi zetu kuliko kingine, tunajibu: maji ndani ya mbao. Fundi akichagua mti vibaya lakini mkavu, atapata besi ya wastani. Akichagua mti mzuri lakini mbichi, hatapata besi.

Mafundi wa zamani wa Ulaya walikuwa na kanuni: mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi ya unene, yaani sentimita 2 na nusu. Kwetu kuna joto, lakini kuna unyevu pia, usitegemee wiki mbili. Panga mbao juu ya vijiti hewa ipite chini na juu, weka paa, usiweke kwenye jua kali kwa sababu itapasuka vichwani. Paka vichwa vya mbao rangi ao nta, maji yasitoke mbio upande ule.

Utajuaje imekauka? Hapa sisi wachimbaji tuko na chombo tayari: mizani. Pima mbao, andika kilo juu yake kwa makaa, pamoja na tarehe. Pima tena kiisha wiki mbili. Ikiendelea kupungua, bado ina maji. Ikikaa kwa kilo zile zile mara tatu, imefika.

Na kupima sauti: shika mbao kwa vidole viwili, pahali kasoro kidogo ya robo ya urefu toka mwisho, iache ininginie, kiisha igonge katikati kwa kifundo cha kidole. Mbao nzuri inaimba, sauti inakaa. Mbao mbaya inasema "tu" na kunyamaza. Ugonge mbao kumi, utachagua mwenyewe bila kuuliza professeri.

Njia fupi iko: mbao ya zamani. Mlango wa muvula uliokaa miaka 30, kitanda cha babu kilichovunjika, boriti la nyumba iliyobomolewa. Ile imekauka kuliko mbao yoyote ya soko. Mama, mbele ya kutia mlango wa zamani motoni, muite kijana wa gita auangalie.

Mambo matatu hatutayavumilia

La kwanza. Mti wa buwazaji haushikwi. Tumesikia vijana wakisema nguzo za shimo lililoachwa ni mbao nzuri, kavu, ya bure. Hapana. Shimo linalosemwa limeachwa, kesho kuna mtu anaingia usiku kutafuta chakula cha watoto. Umetoa nguzo moja juu ya shingo ya gita, umemzika mwenzako. Hakuna besi duniani yenye bei hiyo. Kamati za shimo zichunge jambo hili, na atakayeshikwa aitwe mbele ya wazee.

La pili. Usikate muvula mzima juu ya gita. Besi moja inaomba mbao ndogo, si mti. Wapasua mbao wanaacha vipande vya kando na vifupi visivyofaa milango, vinaoza ao vinachomwa. Shingo na mwili vinatoka mule. Tena sheria iko: Kanuni ya Misitu ya mwaka 2002 inaomba permi kwa mtu anayekata mti wa kuuza. Kuhusu miti mingine dunia nzima inaangalia. Ule mwekundu unaoitwa mukula, uliobebwa kwa malori kutoka Haut-Katanga, tangu mwaka 2019 hauvuki mipaka bila karatasi za mkataba wa CITES. Sisi tunajua maisha ya karatasi, kasiterite yetu inatembea na etiketi. Mwaka 2012 hata Gibson, kiwanda kikubwa cha gita cha Marekani, kililipa faini ya dola 300,000 juu ya mbao iliyoingia bila kufuata sheria. Kama mkubwa analipa, mdogo asijidanganye. Besi yako ikijulikana mbao yake imetoka wapi, utaweza kuiuza mbali bila kuogopa kizuizi.

La tatu. Vumbi. Muvula una vumbi linalowasha ngozi na kubana kifua, na mara nyingine una mawe madogo ndani yake yanayovunja meno ya msumeno. Tangu mwaka 1995 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani wameweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa watu. Wengi wetu tuko tayari na vumbi la jiwe ndani ya mapafu. Hatukubali kijana atoke katika vumbi moja kuingia katika lingine. Fanyeni kazi nje, upepo ukiwa mgongoni, fungeni kitambaa mdomoni na puani, ao mask ikipatikana, na watoto wasicheze katika maranda.

Tunachoomba

Hatuombi muujiza. Tunaomba vitu vinavyoweza kufanyika.

Kwa viongozi wa sekteri na shefferi zetu: Kanuni ya Madini, iliyorekebishwa mwaka 2018, inagawa redevance ya kampuni hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa entité ya pale madini yanapotoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 iko kwa ajili ya maendeleo ya wenyeji. Tunaomba sehemu ndogo inunue vyombo vya seremala: misumeno, randa, patasi, serjua za kubana, gundi, na paa la kukaushia mbao. Paa la bati na nguzo sita linatosha. Hatuhitaji nyumba kubwa yenye jiwe la jina la mtu. Na hesabu ibandikwe ukutani, kila mtu asome.

Kwa mapasta, mapadri, maimamu na wakubwa wa kwaya: kwaya ikitaka besi, iagize kwa fundi wa hapa, imupe muda wa kukausha mbao, na imulipe. Tumezoea kumwambia kijana "unamfanyia Mungu kazi", kiisha anarudi nyumbani na mikono mitupu. Mungu hakukataza fundi kulipwa.

Kwa mafundi wenyewe: andikeni ndani ya kila besi jina la mti, tarehe mbao ilipasuliwa, na tarehe gita ilimalizika. Ikipinda, tutajua kwa nini. Ikilia vizuri miaka kumi, tutajua pia. Hivi ndivyo elimu inajengwa, na isipoandikwa inakufa na mwenyewe. Msifichane. Na wasichana wakaribishwe kwenye meza ya kazi na kwenye nyuzi, besi haiulizi nani amevaa kitenge.

Kwa wachimbaji wenzetu: kamati za sendika za Kasongo, Kabambare na Salamabila zianze na jambo moja jepesi. Kila kamati itafute seremala mmoja na kijana mmoja anayejenga gita, iwakalishe pamoja. Seremala anajua mbao, kijana anajua sauti, na mara nyingi hawajawahi kuzungumza. Kiisha msimu mmoja wa kukausha, tukutane na besi zile, za muvula, za libuyu, za mwembe, tuzifunge nyuzi za namna moja na mikro ya namna moja, mpigaji mmoja azipige nyuma ya pazia, na wazee waseme ni ipi inalia vizuri. Hapo tutakuwa na jibu la kwetu, lililosikika na masikio yetu.

Mbao za kujaribu ziko. Mwenye mlango wa zamani, kitanda kilichovunjika ao mwembe ulioanguka, aambie kamati ya karibu naye. Mizani ya kupima tutaleta sisi.